Gari la Zamani Likikataa Kuwaka: Tafuta Kwanza, Nunua Baadaye



Ng'ombe akiugua, mfugaji hakimbilii kununua dawa. Kwanza anamtazama macho. Anamshika masikio. Anatazama kinyesi chake. Anauliza jana alikula nini. Pamba ikianza kunyauka, mkulima anageuza jani na kutazama chini yake. Akimwona mdudu, ndipo anajua dawa ya kutumia.

Wakulima wa Mwanza wanaijua hekima hii. Lakini gari likikataa kuwaka, wengi wetu tunaisahau. Tunasema, "Betri imekufa." Tunanunua betri. Gari halisemi kitu. Tunanunua koili. Gari halisemi kitu. Fedha za mbegu zinakwisha, na gari bado limelala.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta ubovu wa gari la zamani la petroli. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji macho, masikio, na kufuata hatua moja baada ya nyingine.

MAGARI YA ZAMANI YANGALI YAPO

Igoma iko kando ya barabara kuu kutoka Mwanza kwenda Musoma. Mazao kutoka Kisesa na Magu hupita hapo. Magari mengi yanayopita leo ni mapya. Lakini hapa nchini bado yako magari ya zamani yanayofanya kazi, hasa Land Rover.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948, katika mji wa Amsterdam, Uholanzi. Ilitengenezwa Uingereza. Baadaye ilienea Afrika Mashariki yote. Ilibeba mabwana shamba, waganga, wapima ardhi na askari wa wanyamapori. Gari jingine lililosifiwa ni Peugeot 404. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967, Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari hilo. Mwenzake garini alikuwa Chris Rothwell.

Magari hayo yamedumu kwa sababu ni imara. Sababu nyingine ni kwamba injini zake ni rahisi kuelewa. Hazina kompyuta. Ukifungua boneti, unaona kila kitu. Fundi mwenye spana chache, bisibisi na taa ndogo anaweza kuyatengeneza chini ya mwembe.

INJINI INATAKA MAMBO MANNE

Fikiri juu ya jiko la kuni. Jiko linataka kuni, hewa na kibiriti. Kikikosekana kimoja, ugali haupikwi. Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Inataka mambo manne:

1. Izungushwe. Kazi hii inafanywa na selfu kwa nguvu ya betri. Au inafanywa na mtu kwa hendeli.

2. Ipate moto. Cheche iruke kwenye kila plagi.

3. Ipate mafuta na hewa. Kazi hii ni ya pampu na kabureta.

4. Vyote vije kwa wakati wake. Cheche ikija mapema mno au ikichelewa, injini inakohoa au haiwaki.

Ukitafuta ubovu, fuata mpangilio huo. Usirukeruke.

SAFARI YA MOTO

Watu wengi hushindwa kwenye moto. Kwa hiyo tuitazame safari yake.

Moto unaanza kwenye betri. Betri ya gari ina volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kurusha cheche ndani ya injini. Kwa hiyo moto unapita kwenye swichi, halafu unaingia kwenye koili. Koili ni kama kopo la chuma, na ndani yake mna waya mwingi mwembamba uliozungushwa. Koili inakuza moto huo hadi zaidi ya volti 10,000.

Lakini koili haifanyi kazi peke yake. Inataka mtu wa kuufungua na kuufunga moto. Kazi hiyo inafanywa na pointi. Pointi ziko ndani ya distribyuta. Ni vichuma viwili vidogo. Vinagusana na kuachana, kama midomo ya mtu anayesema. Kila zinapoachana, koili inatoa moto mkali.

Karibu na pointi kuna kondensa. Ni kikopo kidogo chenye waya mmoja. Kazi yake ni kuzuia pointi zisiungue, na kuisaidia koili itoe moto wa nguvu.

Moto mkali ukitoka kwenye koili unapita katika waya mnene hadi katikati ya kifuniko cha distribyuta. Chini ya kifuniko kuna rota. Rota inazunguka na kugawa moto, kama mama anayegawa chakula sahani kwa sahani. Kila plagi inapata kwa zamu yake. Katika injini ya Land Rover ya petroli yenye silinda nne, zamu ni hii: 1, 3, 4, 2. Kwa hiyo usichomoe waya zote za plagi kwa pamoja. Chomoa moja, rudisha moja. Ukizichanganya, gari halitawaka hata kama kila kitu ni kizima.

HATUA YA KWANZA: SIKILIZA

Hakikisha gia imetolewa na breki ya mkono imevutwa. Washa taa kubwa za mbele. Halafu piga selfu. Mwenzako atazame taa, nawe usikilize.

Taa zikififia sana na injini ikazunguka polepole, betri haina nguvu, au vichwa vyake ni vichafu. Tazama vichwa hivyo kabla ya kulaumu betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, legeza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza vizuri. Mwisho paka grisi kidogo juu yake.

Tazama pia waya wa ethi. Huo ni waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha gari. Ukilegea au ukishika kutu, betri mpya haitasaidia kitu. Mara nyingi waya huu husahauliwa.

Taa zikibaki kali na selfu isiseme kitu, moto haufiki kwenye selfu. Tafuta kwenye swichi yake na waya zake.

Ukisikia mlio mmoja wa "taa!" na kila kitu kikasimama, huenda jino la selfu limekwama. Kwa Land Rover za zamani, zima swichi, ingiza gia ya juu, kisha usukume gari mbele na nyuma kidogo. Mara nyingi jino linaachia.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haiwaki, betri yako ni nzima. Acha kuisema vibaya. Nenda hatua ya pili.

HATUA YA PILI: TAZAMA MOTO

Chomoa plagi moja. Irudishe kwenye waya wake. Ilaze plagi juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono mtupu. Tumia plaizi yenye mpini wa mpira. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Mwenzako apige selfu.

Cheche nzuri ni ya buluu, tena inaruka kwa mlio. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu ni dhaifu. Kama hakuna cheche kabisa, ubovu uko mahali fulani katika ile safari ya moto. Sasa unaitafuta kwa taa ya kupimia.

Taa ya kupimia ni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja unaufunga kwenye chuma cha gari. Wa pili unagusa mahali unapotaka kupima. Kisa kifuatacho kinaonyesha jinsi inavyotumika.

LAND ROVER YA MZEE MMOJA

Nje kidogo ya Igoma, upande wa Kishiri, yupo mzee mmoja mwenye Land Rover ya petroli ya miaka ya 1970. Shamba lake la pamba liko upande wa Magu. Land Rover hubeba mbegu, jembe la ng'ombe na vibarua. Siku ya gulio hubeba nyanya na viazi vitamu vya majirani. Usiku mgonjwa akizidiwa, watu huja kumgongea mzee mlango, naye humpeleka Bugando.

Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, gari lilikataa kuwaka. Injini ilizunguka vizuri, lakini haikushika. Kijana mmoja alisema, "Mzee, hiyo ni betri." Mzee alinunua betri mpya. Gari likakataa. Wakasema ni koili. Akanunua koili. Gari likakataa. Wakasema ni plagi. Akanunua plagi nne. Gari likakataa.

Wiki tatu zikapita. Fedha zilizotumika zilikuwa za mbegu na za vibarua. Katika wiki hizo mama mjamzito wa jirani alishikwa na uchungu usiku. Watu walikwenda kwa mzee kama kawaida. Gari lilikuwa limelala. Walimpakia mama huyo kwenye baiskeli hadi barabara kuu, wakasubiri gari la kupita. Alifika hospitali salama, lakini wote waliogopa.

Ndipo akaitwa makanika mmoja wa makamo. Alikuja na mfuko mdogo. Hakushika spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

"Kabla sijafungua kitu, niambie. Gari lilikataa ghafla, au lilianza kuchoka?"

"Lilianza kuchoka, fundi. Kama wiki mbili hivi lilikuwa linakohoa kwenye mlima. Halafu asubuhi moja likanyamaza."

"Na injini inazunguka?"

"Inazunguka sana. Betri ni mpya."

"Hata ile ya zamani ilikuwa inazungusha?"

Mzee akafikiri. "Ndiyo. Ilikuwa inazungusha."

"Basi, mzee, betri yako ya zamani haikuwa na kosa."

Makanika alipima moto kwenye plagi. Hakuna cheche. Akatoa taa ya kupimia, akawasha swichi. Aligusa kichwa cha koili kinachopokea waya kutoka kwenye swichi. Taa ikawaka. Maana yake moto unafika kwenye koili.

Kisha akagusa kichwa cha pili cha koili, kile chenye waya mwembamba uendao kwenye distribyuta. Akamwomba mtoto wa mzee apige selfu. Hapo taa inatakiwa iwake na kuzima, iwake na kuzima, kwa sababu pointi zinaachana na kugusana. Lakini taa haikuwaka hata mara moja.

Akachomoa ule waya mwembamba kwenye koili, akagusa tena kichwa kile kile. Taa ikawaka. "Koili ni nzima ndani," alisema. "Ubovu uko ndani ya distribyuta."

Akafungua kifuniko cha distribyuta. Alizungusha injini polepole kwa hendeli na kuwaita wote watazame. Pointi zilikuwa zimegusana tu. Hazikuachana hata kidogo. Kisigino cha pointi, ambacho husukumwa na mhimili wa distribyuta, kilikuwa kimelika. Mhimili ulikuwa mkavu, hauna grisi. Kila siku kisigino kilisagika kidogo. Kila siku nafasi ilipungua. Ndiyo maana gari lilianza kuchoka kabla ya kunyamaza.

Makanika alilegeza skrubu moja, akapima nafasi, akakaza. Akapaka grisi kidogo kwenye mhimili. Akamwambia mtoto apige selfu. Injini ikanguruma.

Kazi yote haikufika saa moja. Hakikununuliwa kitu chochote siku ile. Lakini mzee alipanda pamba yake baada ya Krismasi. Kanuni ya pamba katika Kanda ya Ziwa ni kupanda kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Pamba iliyochelewa hukosa mvua na hushambuliwa sana na wadudu. Hasara ya mzee haikuwa betri, koili na plagi peke yake. Ilikuwa na mavuno pia.

JINSI YA KUIPIMA NAFASI YA POINTI

Zima swichi. Zungusha injini kwa hendeli mpaka kisigino cha pointi kipande juu ya kona ya mhimili. Hapo pointi zimeachana kabisa. Kwa Land Rover hii ya petroli yenye distribyuta ya Lucas, nafasi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nafasi ya plagi iwe kati ya milimita 0.75 na 0.80. Magari mengine yana vipimo vyao. Muulize fundi au soma kitabu cha gari.

Tumia vile vya kupimia nafasi vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri. Usikisie kwa jicho. Safisha pointi kwa kitambaa kisicho na mafuta. Paka grisi kwenye mhimili, kiasi cha punje ya mtama. Ikizidi, itarukia pointi na kuziba moto.

Ukiona pointi zimeungua na kuwa nyeusi au buluu, na cheche ni ya njano, shuku kondensa. Ibadilishe pamoja na pointi.

Je, taa ya kupimia ikiwaka moja kwa moja bila kuzima wakati wa kupiga selfu? Hapo pointi hazigusani, au ni chafu. Zisafishe na uzipime.

MVUA NA MASHIMO YA MAJI

Wakati wa mvua za vuli na masika, gari la zamani huweza kukataa kuwaka asubuhi. Huenda hakuna kilichokufa. Unyevu umeingia kwenye kifuniko cha distribyuta, na moto unapotea njiani. Fungua kifuniko, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Futa pia waya za plagi na kichwa cha koili.

Tazama kifuniko juani. Ukiona ufa, au mstari mweusi mwembamba kama mkwaruzo wa kalamu, hapo ndipo moto unapotorokea. Kifuniko hicho kibadilishwe.

HATUA YA TATU: TAZAMA MAFUTA

Kama cheche ni nzuri, geukia mafuta. Anza na jambo dogo: je, tangi lina petroli? Usiamini mshale wa gari la zamani. Pima kwa kijiti kisafi.

Pampu za magari mengi ya zamani zina kikombe cha kioo. Kitazame. Ukiona maji au mchanga chini yake, kisafishe. Petroli iliyowekwa siku nyingi kwenye madumu machafu huleta taabu hii.

Plagi nayo inaongea. Isome:

Plagi ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima.

Plagi nyeusi yenye masizi makavu: petroli ni nyingi mno, au hewa ni kidogo. Tazama kichujio cha hewa na choki.

Plagi yenye oili nzito: injini imechakaa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Plagi iliyolowa petroli: mafuta yanafika, lakini hayawaki. Rudi kwenye moto.

Plagi kavu kabisa baada ya kupiga selfu mara nyingi: mafuta hayafiki.

JIHADHARI

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu nayo. Usiangalie maji ya betri kwa kibiriti au kibatari. Tindikali yake ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

Usinyonye petroli kwa mdomo ili kuihamisha. Ni sumu, na ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Ukitumia hendeli, kwanza toa gia. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Vuta hendeli kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikipiga teke, hendeli itatoka mkononi bila kuvunja kidole.

Baadhi ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye ethi. Magari mengi hufungwa upande wa hasi. Kabla ya kutoa betri, andika upande upi unakwenda wapi.

Jambo la mwisho. Makala hii ni ya gari la petroli. Gari la dizeli halina koili, pointi wala plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Likikataa kuwaka, betri, mafuta na hewa iliyoingia kwenye mabomba ndivyo vya kutazama kwanza.

NDUGU MSOMAJI

Kumwita fundi si aibu. Lakini mwenye gari anayejua safari ya moto hadanganywi. Atamwuliza fundi, "Umepima wapi? Taa ilisema nini?" Fundi mzuri atafurahi kujibu. Fundi wa kubahatisha atakasirika.

Fedha za mkulima zina jasho. Zisiende dukani kabla ya taa ya kupimia kusema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mambo manne ambayo injini ya petroli inayahitaji ili iwake.

2. Injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki. Je, ni sawa kununua betri? Kwa nini?

3. Pointi zinafanya kazi gani? Kwa nini mhimili wake upakwe grisi?

4. Mzee wa kisa chetu alipata hasara gani zaidi ya fedha za vipuri?

5. Katika kijiji chenu, ni mashine gani nyingine inayotumia plagi? Jadilini jinsi ya kuitunza.